Buni Hazimngoji Mwenye Mawazo

Nyamirambo, Kigali
14 Agosti 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika. Najua utausoma mstari huo mara nyingi kabla ya kuendelea, basi nakuongezea mwingine: sina homa, sijaibiwa, na nina mahali pa kulala.

Posta huku imekufa. Barua hii anakuletea Bigirimana, yule dereva Mrundi wa lori la chakula cha msaada, aliyenichukua pale mpakani Rusumo. Ameniahidi kwamba kila akipita njia ya Karagwe atafika kwako Nkwenda. Mpe maji na ndizi, ni mtu mwema, ila anaimba vibaya.

Baba, sisi tuliorudi kutoka nje tunaambiwa tutafute nyumba iliyo wazi tuingie. Ndivyo wanavyosema: "iliyo wazi." Neno hilo lilinitia baridi. Nyumba niliyoingia ina vyumba vitatu, madirisha hayana vioo, na sebuleni ipo meza ya cherehani isiyo na cherehani. Mtaa mzima kuna nyumba nyingi na watu wachache. Adhana inapoadhiniwa msikitini unaisikia mpaka mwisho, hakuna kelele ya kuimeza.

Kazi nimepata siku ileile nilipoonyesha cheti changu cha uuguzi. Zahanati ina wagonjwa wengi kuliko vidonge. Kinyarwanda changu wanakicheka, wanasema nazungumza kama Mnyambo wa Karagwe. Wazee wa Nyamirambo wakiona nahangaika wananigeukia kwa Kiswahili, na hapo napumua.

Shangazi Mukagasana sijampata bado. Nimeuliza mtaa wa kwanza tu. Nitaendelea.

Mchana naumudu kwa sababu ya kazi. Asubuhi ndiyo mbaya. Naamka nikiwa nimechoka tayari, moyo unakimbia, na hakuna mtu wa kumwambia hata kwamba kumekucha. Jana nilimwamkia mbuzi wa jirani. Usicheke.

Mwanao,
Kaliza


Nkwenda, Karagwe
29 Agosti 1994

Mwanangu Kaliza,

Marahaba. Nimecheka kuhusu mbuzi, kisha nikaacha kucheka. Uliposema asubuhi ndiyo mbaya, niliiweka barua chini nikaenda kuchambua buni.

Umeniona tangu utoto nikikaanga kahawa kila asubuhi, hamruhusiwi kunisemesha. Mama yako, Mungu amrehemu, aliita ule "ubwana wa Gakwaya." Hukuwahi kuniuliza sababu, nami sikukwambia. Sasa nakwambia.

Mwaka wa kwanza wa ukimbizi, nilikuwa nikiamka mwili uko Nkwenda na mwenyewe niko Gisaka, kwetu Rwanda, nakamua ng'ombe ambao walishachinjwa. Nilikuwa naweza kukaa hivyo mpaka jua la utosi. Nilianza kukonda. Mzee mmoja Mnyambo aliniona, akaniletea buni mkononi na kigae cha chungu kilichovunjika. Akasema, "Kaanga, usiziunguze." Nikaziunguza. Kesho yake akaleta nyingine. Nikaunguza tena. Siku niliyofaulu ndipo nilipomwelewa. Buni hazimngoji mwenye mawazo. Ukienda Gisaka, zinaungua. Ukizunguka kwenye kesho, zinaungua. Zinakutaka hapo, na kijiko chako, na pua yako.

Basi fanya hivi. Moto mdogo. Koroga bila kuacha. Sikiliza: zitaanza kualika kama mahindi yenye haya. Tazama rangi, usitazame ukutani. Twanga, chemsha, mimina, kaa chini. Kunywa mpaka kikombe kiishe, na usifanye jambo lingine. Usisali hata. Padri nilimwambia Mungu ana subira kuliko buni, akakubali. Mawazo yakija, usigombane nayo, rudi kwenye kikombe.

Haitakuondolea upweke. Itakupa mahali pa kusimama ukiwa nao.

Mfuko huu wa buni nusu ni yako, nusu ni ya shangazi yako. Yeye hakuwahi kuweza kutulia. Akiwa mdogo, kanisani alikuwa akianza kucheka mpaka benchi zima linacheka, na hakuna ajuaye sababu. Mwambie kaka yake bado ana meno. Niandikie haraka amesema nini.

Baba yako,
Gakwaya


Nyamirambo
18 Septemba 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Buni zimefika, na za kwanza nimeziunguza, kama wewe. Moshi ulijaa uani mpaka mama wa nyumba ya pili akaja mbio na ndoo ya maji, akidhani nyumba inaungua. Tuliishia kukaa na ndoo katikati yetu. Akaondoka na maji yake, maana maji huku yanachotwa mbali.

Mara ya pili pia ziliungua. Nilikuwa nimesimama na kijiko mkononi, lakini nilikuwa bado zahanatini, na mtoto ambaye hatukuweza kumwokoa.

Lakini juzi, Baba, nilizisikia. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya jiko, ambalo huku wanaliita mbabura, na zikaanza kualika moja moja. Nikaona rangi inavyotoka kwenye majani makavu kwenda kwenye udongo wa Nkwenda. Harufu ilikuja kabla sijaingoja. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango, kikombe kikiwa cha moto kiasi cha kuchoma vidole, na nikanywa. Moyo ulitulia kwa muda wa kikombe kimoja. Kikombe kilipoisha, ukaanza tena kukimbia, ila ulikuwa umechoka kidogo.

Jambo la ajabu: watu hapa hawanywi kahawa. Vilima vizima vimepandwa, lakini ni ya kuuza. Wao ni chai ya maziwa. Wananiona ninavyokaa na kikombe cheusi, wanadhani ni dawa.

Kuhusu Shangazi. Zahanatini kuna mama anaitwa Mukashema anayemfahamu. Anasema watu wengi wa mtaa ule walikimbilia kusini. Wengine wako Butare, wengine walivuka kwenda Burundi, na wanarudi kidogo kidogo. Tusubiri. Fungu lake la buni nimelihifadhi.

Nimesimama mlangoni nikiandika mistari hii. Bigirimana anapiga honi.

Mwanao,
Kaliza


Nkwenda
5 Oktoba 1994

Mwanangu Kaliza,

Marahaba, na marahaba tena! Kusini! Niliposoma neno hilo nilitoka nje nikamwambia mtu wa kwanza niliyemwona, naye alikuwa mlevi, lakini alifurahi nami. Bila shaka yuko Burundi. Mumewe Karangwa alikuwa na ndugu Bujumbura, walikuwa wakituma salamu zamani. Angekwenda wapi kwingine? Yeye si mtu wa kukaa akingoja.

Nimeanza kujenga chumba. Usinikemee, mgongo uko sawa. Kitakuwa upande wa jua la asubuhi. Akija kututembelea hatalala na magunia ya maharage kama mgeni wa kawaida. Majirani wanafyatua matofali nami. Jioni wananiuliza habari za dada yangu, nami nawasimulia, na sasa wote wanamjua utadhani amekulia Nkwenda.

Kahawa yangu ya asubuhi imekuwa ngumu, nikwambie ukweli. Furaha nayo inaunguza buni.

Uliza tena kwa huyo Mukashema. Uliza nani alimwona, wapi, alivaa nini. Nataka kujua kila kitu.

Baba yako,
Gakwaya


Nyamirambo
23 Oktoba 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Limetokea jambo na sina wa kumuuliza ila wewe.

Jumapili iliyopita asubuhi nilikuwa natwanga kahawa uani. Nikainua kichwa, langoni amesimama mwanamke. Ana fimbo, mguu mmoja umefungwa kitambaa, mkononi ana kifurushi kidogo. Hakunitazama mimi, alikuwa anatazama dirisha. Nikamwamkia kwa Kinyarwanda. Aliposikia lafudhi yangu akanijibu kwa Kiswahili cha huku.

"Wewe umetoka Tanzania."

"Ndiyo, mama."

"Mimi natoka hapa."

Nikaacha kutwanga.

"Hii nyumba iko ya bwana yangu, Jean-Berchmans," akasema. "Mimi ni Daphrose. Ile chumba ya nyuma, watoto yangu walizaliwa ndani."

Nilitaka kumuuliza wako wapi, nikajizuia. Akaniona ninavyojizuia. "Hapana kuuliza," akasema. "Mimi peke yangu. Nilikuwa hospitali, kule kaskazini. Sikuja kugombana. Nimekuja kuona tu."

Nikamwambia, "Kaa, mama." Kumkaribisha mtu kwenye ngazi ya mlango wake mwenyewe, Baba! Ulimi uliniwaka. Nina kikombe kimoja tu, nikampa. Akakishika kwa mikono miwili.

"Hii nini?"

"Kahawa."

"Kahawa? Baba yangu alilima hii maisha yake yote, hakuonja." Akaonja, akakunja uso. "Iko uchungu." Lakini hakuacha. Alikunywa taratibu, anakitazama kikombe tu, kama ulivyonifundisha, na hakuna aliyemfundisha. Alipomaliza akanirudishia, akasema, "Kesho nitakuja."

Na akaja. Anakuja kila asubuhi, tangu siku ile. Analala na wanawake wengine kwenye ukumbi wa masista, mikeka imebanana. Anakaa kwenye ngazi, anakunywa, halafu anaondoka. Hajaingia ndani hata mara moja. Hajaniambia nitoke, na hilo ndilo linalonishinda. Angenifokea ningejua la kujibu. Siku hizi nyumba zote zimejaa watu kutoka Uganda, Burundi na kwetu. Nikitoka hapa sijui nitakwenda wapi.

Asubuhi zangu zimebadilika. Nilikuwa mpweke peke yangu, sasa tuko wawili na kila mtu ana wake.

Nifanye nini?

Kuhusu Shangazi, bado.

Mwanao,
Kaliza


Nkwenda
6 Novemba 1994

Mwanangu Kaliza,

Marahaba. Umeniuliza, nami nitakujibu bila kupaka asali.

Usitoke.

Namwonea huruma huyo mama. Mpe chumba kimoja, mpe viwili, kaeni pamoja kama ndugu. Lakini usitoke. Nyumba yangu ya Gisaka waliingia watu wengine mwaka wa sitini na moja, kabla majivu ya mekoni hayajapoa. Zizi nililolijenga mimi na baba yangu, wamelala humo mbuzi wa mtu nisiyemjua. Hakuna aliyenipa kikombe cha kahawa. Hakuna aliyeniuliza, "Gakwaya, nifanye nini?" Nililala chini ya mti na mama yako ana mimba ya kaka yako, yule ambaye hakuishi. Sikukulea ili ulale chini ya mti katika nchi yako mwenyewe.

Labda haya ni maneno ya mtu mwenye uchungu. Basi ni yangu.

Chumba cha dada yangu kimekwisha. Kimebaki mlango. Na sasa nami nakuuliza: mbona barua yako ina kurasa mbili za mwanamke nisiyemjua, na maneno matatu ya damu yangu? "Kuhusu Shangazi, bado." Bado nini, Kaliza? Umekwenda Butare? Umeuliza watu wa Msalaba Mwekundu? Huyo Mukashema kasemaje?

Baba yako,
Gakwaya


Kimisagara, Kigali
20 Novemba 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tafadhali kaa chini. Kama kuna mtu karibu, mwite aje akae nawe.

Shangazi amefariki. Alifariki mwezi wa Aprili, katika siku za mwanzo za mauaji, yeye na mumewe, nyumbani kwao. Hakufika kusini. Hakutoka hata mtaani kwake.

Nimejua tangu Agosti. Nilikuwa sijamaliza kuizoea zahanati wakati Mukashema aliponiambia. Barua yako ya kwanza, yenye habari za benchi la kanisani, ilinikuta nikijua tayari. Nilikaa nayo mapajani. Ulikuwa umeandika "mwambie kaka yake bado ana meno," nami sikuweza. Nikasema nitakwambia kwenye barua ijayo. Halafu ukajibu kwa furaha ile. Halafu ukaanza kufyatua matofali. Kila tofali lilinifunga mdomo zaidi. Sikutaka kukudanganya, nilitaka tu uendelee kuwa na dada kwa wiki nyingine moja. Na baada yake, wiki nyingine.

Nikueleze ilivyonitoka kinywani. Asubuhi moja tulikuwa tumekaa na Daphrose, buni ziko motoni, mimi nakoroga. Akaniuliza, "Wewe, ulikuja kutafuta nani?"

"Shangazi yangu. Mukagasana."

Akanigeukia. "Mukagasana bibi ya Karangwa? Ule mwenye kucheka?"

"Huyo."

"Na unajua?"

"Najua."

Halafu akauliza, "Baba yako anajua?"

Buni zikaungua pale mbele yetu mpaka zikawa makaa, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Daphrose alikuwa rafiki yake, Baba. Alikuwa fundi wake wa nguo. Ndiye aliyejua ni wapi walipotupwa, na ndiye aliyewaomba majirani majembe. Tulipowafukua alilitambua gauni, akalishika pindo akasema, "Hii nilishona mimi." Tulimfunga shuka nyeupe. Tumemzika na Karangwa, kaburi lina msalaba na jina kamili. Hakukuwa na padri. Mzee mmoja Mwislamu wa mtaa ule aliinua mikono akaomba dua, sisi tukasema Baba Yetu. Nimewaambia wote waliokuwepo kwamba ana kaka.

Nyumba nimeiacha. Nilisoma barua yako mara nyingi. Ni kweli yote uliyosema kuhusu Gisaka. Lakini yule aliyeingia kwako hakuwahi kukuona umesimama langoni. Mimi nimemwona Daphrose. Nilijaribu kumwambia tukae pamoja, akasema anataka kwanza aingie kwake peke yake, afungue mlango yeye. Nilimwelewa. Nimepata chumba huku bondeni, nyuma ya karakana ya seremala. Kuna kelele za misumeno kutwa, na bado ni mahali pa upweke kuliko pote nilipowahi kukaa.

Kahawa sinywi tena. Nikikaa kimya nasikia maneno yangu ya uongo yakisomwa kwa sauti yako.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini niandikie.

Mwanao,
Kaliza


Nkwenda
2 Desemba 1994

Kaliza,

Nimeipata.

Kwetu mtu akifa, watu huja, huwashwa moto nje, husemwa jina lake. Mimi nilikuwa naimba na kufyatua matofali. Majirani walinipa pongezi. Miezi mitatu nimekuwa mjinga wa kijiji, na wewe ulikuwa unatazama.

Ulininyima kilio changu. Hukuwa na haki hiyo, hata kwa mapenzi.

Usiniandikie kwa sasa.

Gakwaya


Nyamirambo
14 Desemba 1994

Kwa Mzee Gakwaya,

Salamu sana. Mimi ni Daphrose, ule mwenye nyumba. Kaliza hajui mimi naandika. Kiswahili yangu iko ya Nyamirambo, sikusoma yenu ya Tanzania, utanisamehe. Bigirimana ananisubiri nje.

Mzee, pole sana. Mukagasana alikuwa rafiki yangu ya kweli. Akija kupima nguo, kazi haikuendelea, ni kucheka tu, bwana yangu anatufukuza na fagio. Alikuwa anasema iko na kaka Tanzania. Anasema siku moja atarudi na mvi, atapita mbele ya mlango, na yeye hatamjua. Hiyo tu ndiyo ilikuwa inamutoa machozi.

Mtoto wako ameonyesha mimi barua yako. Wewe unasema alikunyima kilio. Iko kweli. Lakini yeye pia hakulia. Siku ya kuzika alichimba mpaka mikono ikapasuka, jicho kavu. Hata leo. Sasa wewe unakaa huko peke yako na mufu, na yeye anakaa hapa peke yake na mufu uleule. Hiyo si kilio, Mzee. Kilio ni ya watu wawili.

Mimi nilitaka nyumba yangu. Nimeipata, nashukuru. Niliingia, nikafagia, nikafika chumba ya nyuma, nikakaa chini. Jioni nikataka kusema mtu afunge mlango, na hakuna mtu ya kumwambia. Nimemwomba Kaliza arudi tukae pamoja. Anakataa. Anasema mtu ambaye baba yake amemufukuza kwenye barua, hana haki ya kuwa na nyumba. Anapita asubuhi akienda kazini, namwita, namutengenezea kahawa, anashika kikombe na hanywi. Inapoa mkononi. Amekonda.

Mimi sina watoto ya kunikosea tena. Wewe iko na moja.

Njoo, Mzee. Tutakuonyesha pale dada yako amelala. Chumba iko.

Daphrose


Rusumo, upande wa Tanzania
29 Desemba 1994

Mwanangu Kaliza,

Lori hili lilikuwa linilete mimi. Badala yangu linakuletea karatasi hii, na Bigirimana amekasirika, maana alishaninunulia chakula cha njiani.

Barua ya Daphrose niliisoma nikiwa nimesimama. Kesho yake nilifunga nyumba, nikampa jirani ufunguo. Sikufikiri sana, ningefikiri nisingetoka. Tumelala Ngara. Leo asubuhi tumefika hapa darajani. Ninaiona Gisaka, Kaliza. Ni kilima cha pili, kule nyuma ya moshi. Niliposhuka garini wakijaza mafuta, nikatembea mpaka mwanzo wa daraja, nikatazama mtoni chini, na miguu ikakataa.

Kuna jambo nami sikukwambia. Aprili na Mei ulikuwa Bukoba kazini. Mto huu ulileta watu. Sisi wanaume wa Nkwenda tulikuwa tunashuka mtoni, mwendo wa nusu siku, kuwatoa na kuwazika. Nilikwenda kila tulipoitwa. Kila asubuhi kabla ya kuondoka nilikaanga kahawa yangu na kuinywa mpaka mwisho, nikasema nitakuwa mahali ninapokuwa, basi. Nilifaulu mpaka pale tulipokuwa tunamgeuza mwanamke. Hapo ndipo nilipoondoka kimawazo. Kila mwanamke nilimtazama uso nikitafuta dada yangu, na sikuwa na hakika ningemjua. Tangu sitini na moja sijamwona. Nimezika wanawake wengi bila kujua kama mmoja wao ni yeye.

Ndiyo maana uliponiandikia "kusini" nilikimbia nje kama mtoto. Kusini si mtoni. Na ndiyo maana nilikukasirikia kupita kiasi, kwa sababu ulinirudisha pale. Lakini barua yako ilisema ana kaburi, ana shuka, ana jina. Hakupita mikononi mwangu bila kujulikana. Hukujua ulikuwa umenipa kitu gani kwenye barua ile, wala mimi sikujua nilipoipokea.

Maneno niliyokuandikia mwanzoni mwa mwezi huu yalikuwa ya kweli, na yalikuwa ya ukatili. Nirudishie, nitayabeba mwenyewe. Niandikie unapotaka. Rudi kwa huyo mama, kaa kwake, mfungie mlango wake jioni.

Bigirimana anasema nipande, nifumbe macho, daraja ni fupi. Nimekataa. Sitaki kuingia nchini kwangu nikiwa nimefumba macho. Na sitaki kulipita daraja hili na mtu anayeimba.

Nimekaa kwenye kibanda cha mama mmoja muuza chai, cha pili ukitoka kizuizini. Ana mkeka, amesema nilale hata wiki. Lori litarudi Jumamosi. Omba ruhusa kazini, panda nalo, uje.

Nchi siiogopi, Kaliza. Naogopa maji. Njoo unishike mkono, univushe.

Baba yako,
Gakwaya